Simu Moja, Vivinjari Viwili, Majaliwa Mawili: Uaguzi wa Mtandaoni Mbele ya Mafundisho ya Kanisa

Kuunda tovuti ya uaguzi si kazi kubwa tena. Kijana aliyejifunza misingi ya kutengeneza kurasa za mtandao anahitaji picha chache za karata au za alama za ramli, orodha ya majibu aliyoyatunga mwenyewe, kitufe cha kubonyeza, na mistari michache ya programu inayochagua jibu mojawapo kwa nasibu. Jioni mbili zinamtosha. Hahitaji mkeka wala ubani, na anayemjia kuuliza habari za ndoa, kazi au ugonjwa hana haja ya kuvuka kijiji kizima usiku akiyakwepa macho ya majirani: simu iko mkononi, na mlango umefungwa.

Makala haya yanaitazama tovuti ya namna hiyo katika hatua ya mwisho kabla haijafunguliwa kwa umma, yaani pale mtengenezaji anapoifungua katika vivinjari mbalimbali ili kuona kama inafanya kazi sawasawa. Hatua hiyo ni ya kiufundi, na wengi wataiona kuwa haina uhusiano wowote na imani. Hata hivyo, ukiifuatilia kwa makini utakuta inafichua mengi mintarafu uaguzi wenyewe, na inauweka mzigo wa uwajibikaji mahali ambapo wengi hawakuutarajia.

Kivinjari, kwa wasiolizoea neno hili, ni programu inayotufungulia kurasa za mtandao: Chrome, Firefox, Safari, Edge, Opera na nyinginezo. Ndani yake mna injini inayosoma na kutekeleza maagizo ya mtengenezaji. Edge na Opera za leo zimejengwa juu ya msingi mmoja na Chrome; Firefox ina injini yake, na Safari yake. Kwetu kuna pia Opera Mini, kinachopendwa na wenye simu ndogo na bando dogo, ambacho katika hali yake ya kubana data huupitisha ukurasa kwanza kwenye kompyuta za kampuni, ukapunguzwa uzito, ndipo ukaletwa simuni. Vitu vingi vinavyotakiwa kusogea-sogea katika ukurasa havisogei humo. Karata iliyokusudiwa kujigeuza polepole kwa mbwembwe hubaki imelala kifudifudi, na mteja hubaki akibonyeza. Ni roho ya ajabu inayoshindwa na bando la shilingi mia tano.

Tuache utani, maana tatizo halisi liko ndani zaidi. Chukua tovuti ya shule inayokokotoa ada. Mjaribu anaingiza darasa la mtoto, bweni au kutwa, na kiasi kilichokwisha kulipwa. Kama Chrome inasema deni ni 350,000 na Firefox inasema 380,000, kuna kosa, na kosa hilo litatafutwa mpaka lipatikane, kwa sababu deni halisi lipo nje ya kompyuta, limeandikwa katika daftari la mhasibu. Tovuti ya uaguzi haina daftari la namna hiyo. Chrome ikisema safari yako itafanikiwa, na Firefox ikisema uiahirishe, hakuna mahali pa kwenda kuuliza ni ipi iliyokosea. Mjaribu anaweza kuhakiki rangi, ukubwa wa maandishi, na kama kitufe kinabonyezeka. Jibu lenyewe hana cha kulilinganisha nalo. Katika kazi nzima ya kompyuta ni vigumu kupata kitu kingine kinachotolewa kama taarifa, huku mtengenezaji wake akishindwa hata kueleza kingekuwaje kama kingekuwa na kosa.

Makosa, hata hivyo, yapo, na yanaonekana vizuri zaidi katika kuchanganya karata. Watengenezaji wengi wanaoanza hutumia njia ya mkato. Huiagiza kompyuta izipange karata kwa utaratibu, lakini kila inapolinganisha karata mbili ijibu ovyo ipi itangulie, kana kwamba inarusha shilingi. Wazo hilo linaonekana la busara. Kasoro yake ni kwamba kila injini ina kanuni yake ya kupanga, na kanuni hizo zilibuniwa kwa kuamini kwamba majibu ya ulinganisho hayatajipinga. Yakijipinga, karata nyingine hung'ang'ania karibu na mahali zilipoanzia, na nyingine husukumwa mwisho mara nyingi kuliko haki yake. Na kwa kuwa kanuni hutofautiana, upendeleo nao hutofautiana kutoka kivinjari hadi kivinjari.

Jambo hili lilikwisha kuonekana hadharani, tena mahali palipohusu fedha nyingi na sheria. Mapema mwaka 2010, kufuatia makubaliano na Tume ya Ulaya, Microsoft iliwawekea watumiaji wa Windows barani humo ukurasa wa kuchagua kivinjari, ambamo vivinjari vitano vilivyotumika zaidi vilipaswa kupangwa kwa nasibu ili kisipendelewe hata kimoja. Rob Weir, aliyekuwa akifanya kazi IBM, aliujaribu mpangilio huo na kuonesha kwamba, ukifunguliwa kwa Internet Explorer, jina la Internet Explorer yenyewe liliangukia nafasi ya mwisho karibu nusu ya mara zote, badala ya mara moja kati ya tano. Ukifunguliwa kwa kivinjari kingine, mgawanyo ulikuwa mwingine. Chanzo kilikuwa njia ile ile ya mkato. Microsoft ikarekebisha. Njia sahihi ilikuwa inajulikana tangu zamani: Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1938, na Richard Durstenfeld akaiandika kwa ajili ya kompyuta mwaka 1964.

Sasa hamishia kisa hicho kwenye karata 78 za taroti. Mwaka 2018, toleo la 70 la Chrome lilikuja na kanuni mpya ya kupanga orodha. Kila tovuti iliyokuwa ikichanganya karata zake kwa njia ya mkato ilibadilishiwa uwezekano wa karata zake siku ile simu iliposasishwa, bila mtengenezaji kugusa herufi moja na bila muulizaji kujua. Kama karata ya Mauti ilianza kumjia mtu mara nyingi zaidi au mara chache zaidi, sababu yake ni wahandisi waliokuwa wakishughulikia mpangilio wa orodha, wasio na habari kwamba kuna mama mahali fulani anauliza kuhusu mwanawe aliyelazwa.

Nyota nazo hazisalimiki. Utabiri wa nyota hutegemea tarehe ya kuzaliwa, na tarehe iliyoandikwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku husomwa na lugha ya vivinjari kama saa sita ya usiku kwa saa za Greenwich. Mtengenezaji asipokuwa mwangalifu, simu iliyoko magharibi ya Greenwich huirudisha siku moja nyuma. Fikiria mapacha waliozaliwa tarehe 23 Julai, siku ambayo wanajimu wengi huianzisha nyota ya Simba. Anayefungua tovuti akiwa Dar es Salaam ataambiwa kuwa yeye ni Simba. Pacha wake aliyehamia Minneapolis ataandika tarehe ile ile, kompyuta itasoma 22 Julai, naye ataambiwa kuwa ni Kaa, pamoja na tabia zote, mikosi yote na rangi zote za bahati zinazomfaa Kaa.

Kuna na hila moja ndogo ambayo hugunduliwa na jaribio hili peke yake. Mtengenezaji anajua kwamba mtu asiyependa jibu lake ataufungua ukurasa upya ili apate jingine, na akifanya hivyo mara tatu imani yake itatetereka. Basi huliweka jibu la kwanza katika kumbukumbu ya kivinjari, ili mtu yule arudishiwe lile lile mpaka kesho, na aamini kuwa neno limekwisha kunenwa. Lakini kila kivinjari kina kumbukumbu yake. Mtu huyo huyo, kwa simu hiyo hiyo, akitoka Chrome na kuingia Firefox, anapokelewa kama mgeni na kupewa majaliwa mapya.

Msomaji wa Mtakatifu Agustino atakuwa ameitambua hoja. Katika Maungamo, Kitabu cha VII, Agustino anasimulia habari za rafiki yake Firminus, mtu wa familia ya wakwasi, ambaye siku na saa aliyozaliwa ndiyo aliyozaliwa pia mtoto wa mjakazi katika nyumba nyingine. Nyota zao zilikuwa zile zile hasa. Mmoja akakua katika heshima na mali. Mwingine akabaki mtumwa. Ili mnajimu aseme kweli kwa wote wawili, ilimbidi atoe majibu mawili kwa chati moja; na kama angetoa jibu moja, angekuwa amemdanganya mmojawapo. Agustino akahitimisha kwamba wanajimu wanapopatia, wanapatia kwa bahati wala si kwa elimu. Katika Mji wa Mungu anairudia hoja hiyo kwa mfano wa Esau na Yakobo. Alichokifanya askofu wa Hippo ni kile kile anachokifanya mjaribu wa tovuti: kuingiza taarifa ile ile mara mbili na kutazama kinachotoka.

Nasibu ya kompyuta yenyewe haina siri kubwa. Tangu miaka ya 2015 na 2016, Chrome, Firefox na Safari zimekuwa zikizalisha namba zake za nasibu kwa kanuni ya jamii moja, iitwayo xorshift128+. Kanuni hiyo huanza na mbegu, kisha hukokotoa namba moja baada ya nyingine kwa hesabu isiyobadilika, kiasi kwamba mwenye ujuzi akiziona namba chache zilizotangulia anaweza kuzikokotoa zitakazofuata. Kwa maneno mengine, jibu ambalo mtu anadhani limetikiswa na mkono wa majaliwa lilikuwa limekwisha kupangiwa foleni kabla hajakigusa kitufe.

Hapa pana mtego ambao nauona kwa vijana wengi wasomi. Wakishayajua haya husema: basi hakuna pepo, hakuna nguvu za giza, ni hesabu tu; na kama ni hesabu tu, dhambi iko wapi? Hoja hiyo inadhani kwamba Kanisa linakataza uaguzi kwa sababu unafanya kazi. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2115 hadi 2117, inakataa aina zote za uaguzi, ikiwemo unajimu, usomaji wa viganja na ufafanuzi wa ndege mbaya na kura, bila kusubiri uthibitisho kwamba umemfaa au umemdhuru mtu. Kinachotazamwa ni muulizaji anatafuta nini: kutawala wakati, kutawala historia na hatimaye kuwatawala wanadamu wengine, huku akiitoa mahali pengine imani na heshima anayopaswa kumpa Mwenyezi Mungu peke yake. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinaweka katazo hilo kabla tu ya ahadi ya nabii, kana kwamba kusema: Mungu hanyamazi, bali ana njia yake ya kusema na watu wake. Katekisimu hiyo hiyo inaongeza kwamba kutojiandaa kwa mambo yajayo kunaweza kuwa ukosefu wa uwajibikaji. Kupima afya, kuweka akiba na kuuliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kupanda mahindi ni busara, wala si uaguzi.

Vilevile nasibu yenyewe haina kosa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Sehemu ya Pili, swali la 95, kifungu cha 8, anatofautisha kura za aina tatu: kura ya kugawana, kura ya kutafuta shauri, na kura ya kuagua. Wanawake wa upatu wanaopiga kura nani apokee kwanza wanagawana, na hakuna paroko mwenye akili timamu atakayewakemea. Mitume walimpata Mathiya kwa kura baada ya sala, kama tunavyosoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 1. Na ndugu zetu Wakopti wa Misri, tarehe 4 Novemba 2012, walimpata Papa Tawadros II kwa mkono wa mtoto aliyefungwa kitambaa machoni, akichota jina moja kati ya matatu. Pale watu walikuwa wamekwisha kuchuja, kufunga na kusali, na wagombea wote watatu walifaa. Kura ya kuagua ni jambo jingine: inadai kumfahamisha mtu jambo lililofichika au lijalo, na inadai asikilizwe nani zaidi ya dhamiri yake.

Kwa hiyo mistari ile ya programu inayochagua namba haina hatia. Hatia, kama ipo, tuitafute katika faili la majibu.

Faili hilo ndilo moyo wa tovuti, nalo halitazamwi na mtu. Ramli ina alama 16, kila moja ikiwa na mistari minne ya nukta moja au mbili. Mpangilio unaoifaa kompyuta kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake. Alama nne za mwanzo, ziitwazo mama, zinaweza kukutana kwa namna 65,536. Kijana wetu hataandika majibu 65,536. Ataandika 16, au 40 akiwa na bidii, na miongoni mwake, kwa kuwa anaijua lugha ya waganga na anajua kinachowafanya watu warudi, ataweka moja lisemalo kwamba kuna mtu wa karibu anayekuonea wivu, na jingine lisemalo kwamba kikwazo chako kiko ndani ya ukoo. Maneno hayo yalitungwa miezi mingi iliyopita, na mtu asiyemjua muulizaji, labda akinywa soda. Lakini msichana aliyeachwa na mchumba wake atayasoma saa nane za usiku, na ataanza kumhesabu shangazi, mama mkwe, jirani.

Tanzania inajua bei ya sentensi kama hizo. Tuna hata jina lake, ramli chonganishi. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, waliuawa baada ya kutajwa kuwa wachawi. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ahadi za utajiri. Mwezi Januari 2015, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mathias Chikawe, alitangaza kupigwa marufuku kwa wapiga ramli kwa sababu ya mauaji hayo. Yule aliyelengwa na marufuku ile alikuwa na uso, na kijiji kilijua anakaa wapi. Tovuti haina uso. Mwandishi wake hajui ni nani aliyesoma, msomaji hajui ni nani aliyeandika, na kati yao kuna namba ya nasibu ambayo haiwezi kuitwa barazani wala mahakamani.

Lipo na jambo la taarifa binafsi. Wapiga nyota wa pwani huuliza jina la mtu na jina la mama yake, wakajumlisha thamani ya herufi. Tovuti zinazoiga utaratibu huo huuliza hayo hayo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na, katika kisanduku cha swali, habari za ugonjwa au za ndoa. Jina la mama na tarehe ya kuzaliwa ni mambo ambayo benki na huduma za fedha huweza kuyatumia kumhakiki mteja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali na azitunze. Kijana aliyejenga tovuti kwa jioni mbili kwa kawaida hajawaza hayo, na mara nyingi hata kazi yake ya kujaribu haikugusa mahali taarifa hizo zinapohifadhiwa.

Wengine watasema tovuti hizi zimekwisha kupitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi watu huiuliza akili mnemba habari za nyota na ndoto zao. Mabadiliko ni kweli, ila majibu sasa yanatungwa palepale kwa sauti ya upole, na hakuna hata faili la kulisoma. Waraka Antiqua et nova, uliotolewa Vatican mwezi Januari 2025 na Dikasteri ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa pamoja na ile ya Utamaduni na Elimu, unasisitiza kwamba uwajibikaji wa kimaadili hubaki kwa wanadamu, wale wanaobuni na wale wanaotumia, na unaonya juu ya kishawishi cha kuiweka kazi ya mikono yetu mahali pa Mungu. Onyo hilo linaihusu tovuti ya karata kama linavyoihusu mitambo mikubwa.

Kwa vijana wetu suala hili si la nadharia. Kazi za kutengeneza tovuti ni chache, na mganga anayetaka tovuti hulipa. Kisa cha Filipi, katika Matendo ya Mitume sura ya 16, kinamtaja kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, lakini kinawataja pia mabwana zake waliokuwa wakipata faida nyingi, na ni hao waliokasirika Paulo alipomponya. Mtengenezaji anayepokea kazi hiyo, hata kama mwenyewe haamini lolote, anasimama upande wa mabwana. Anaweza kusema kwamba yeye ameweka vitufe tu. Naona jibu hilo ni jepesi mno kwa mtu aliyeusoma ukurasa wote katika vivinjari vitano, mstari kwa mstari, akihakikisha kwamba maneno yale kuhusu adui wa karibu yanasomeka vizuri hata kwenye simu ndogo.

Na kwa yule aliyekwisha kuijenga na sasa anataka kutoka, kuifunga tovuti hakutoshi. Majina, majina ya mama, namba za simu na maswali ya watu yangali yamelala katika hifadhi, pengine na nakala yake imebaki kwa mganga aliyelipa. Padre muungamishi anaweza asijue neno moja la kompyuta, lakini atauliza kama madhara yamerekebishwa, na kwa kazi ya namna hii marekebisho yanaanza kwa kufuta kila nakala iliyo chini ya mamlaka yake na kumwambia aliyelipa afute ya kwake.